Mkono Uliokwisha Kuzoea

Mkataji miwa wa Navakholo hupiga panga chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu sukari nyingi hujaa sehemu ya chini ya muwa na kisiki kirefu ni hasara kwa mwenye shamba. Huinama, akashika muwa kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukashuka kutoka begani ukipita mbele ya mwili kwa mshazari. Kazi hiyo hurudiwa msimu baada ya msimu, hadi mkono ukawa haumngoji tena mwenyewe. Mtu anaweza kusimulia habari za mazishi ya jana huku miwa ikilala safu kwa safu nyuma yake, wala asikumbuke hata pigo moja kati ya mapigo aliyopiga.

Navakholo ni nchi ya miwa na mahindi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Kakamega, kwenye barabara inayopita Ingotse kuelekea Musikoma na Bungoma. Wenyeji wake wengi ni Wanyala, na Mto Nzoia unapita mpakani. Mtu wa huko anayetaka kucheza gofu huenda Kakamega mjini, kwenye uwanja wa mashimo tisa wa Kakamega Sports Club, au huenda Mumias, ambako kiwanda cha sukari kilichoanza kazi miaka ya 1970 kilikuja na klabu yake ya michezo. Huko Mumias ndiko alikotokea Dismas Indiza, mchezaji wa kulipwa ambaye ameshiriki Kenya Open mara nyingi. Gofu iliingia Kenya na wakoloni. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia viwanjani kama kedi tu, begani mfuko wa vijiti vya mtu mwingine. Lakini makedi wana macho. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya walijifunza mchezo kwa kutazama mikono ya wale waliowabebea mizigo.

Sasa mkataji miwa yule apewe kijiti cha gofu. Atakipandisha juu vizuri, kisha mkono wa kulia utakishusha kama unavyoshusha panga: bega likitangulia, kijiti kikitoka nje ya mstari wa mpira na kukatiza kwa ndani. Mpira utaruka, upinde kulia, uangukie kwenye nyasi ndefu. Kocha atamwambia aanze kushuka kwa kiuno, aache mikono ianguke, kijiti kitokee ndani. Maelezo hayo yanachukua nusu dakika na kijana atayaelewa mara moja. Kisha atapiga tena, na mkono utafanya kile unachokijua.

Kati ya kuelewa na kufanya kuna shimo, na shimo hilo limewasumbua wanafalsafa na watu wa dini kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Huko Navakholo haliko mbali na maisha ya watu. Makanisa ya Magharibi mwa Kenya yamejengwa juu ya ushuhuda: mtu anasimama mbele ya wenzake na kusema kwamba ameachana na pombe, na ugomvi, na mwanamke wa pembeni. Wanaomsikiliza wanamjua tangu utotoni. Je, mtu aliyekwisha kuzoea kuwa hivi anaweza kweli kuwa vile? Akiweza, ni nini hasa hutokea katika miezi ile ambapo si yule wa zamani wala hajawa yule mpya?

Gofu inatoa jibu lenye tarehe na alama, na hiyo ndiyo faida yake. Nick Faldo, Mwingereza, aliongoza orodha ya wachezaji wa Ulaya mwaka 1983 kwa mapato ya msimu. Swingi yake, yaani namna yake ya kuzungusha kijiti, ilikuwa ndefu, laini, ya kupendeza machoni. Lakini mashindano makubwa yalipofika dakika za mwisho, swingi hiyo ilimsaliti, na magazeti ya kwao yakamkejeli. Mwaka 1985 akamwendea David Leadbetter, kocha kijana aliyezaliwa Uingereza na kukulia Harare, akamwomba amtengeneze upya bila kumwonea haya. Walivunja karibu kila kitu: namna ya kusimama, namna ya kupandisha kijiti, mzunguko wa mabega. Faldo alipiga mamia ya mipira kwa siku katika joto la Florida, na matokeo yake yakaporomoka. Aliyekuwa wa kwanza Ulaya akashuka kabisa katika orodha ileile. Wiki ya Masters ya mwaka 1987, mashindano ambayo hakualikwa, alikuwa Hattiesburg, Mississippi, katika mashindano madogo ambayo dunia haikuyatazama. Akamaliza raundi zote nne kwa mikwaju 67 kila moja. Mwezi wa Mei akashinda Hispania. Julai, kwenye uwanja wa Muirfield huko Scotland, katika ukungu na upepo, alicheza raundi ya mwisho ya Mashindano ya Wazi ya Uingereza akimaliza mashimo yote 18 kwa idadi ileile ya mikwaju iliyopangiwa kila shimo, bila kuzidisha wala kupunguza hata mara moja, na akashinda kwa mkwaju mmoja. Baadaye akaongeza mataji mengine makuu matano.

Tiger Woods alifanya jambo la kushangaza zaidi, kwa kuwa yeye alibadilika akiwa juu. Alishinda Masters ya mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, akiwa na umri wa miaka 21. Kisha akatazama picha za swingi yake, akaona kwamba isingedumu, na pamoja na kocha wake Butch Harmon akaijenga upya. Mwaka 1998 alishinda mara moja tu katika mzunguko wa Marekani, na wengi wakasema nyota imezimika. Mwaka 2000 akashinda US Open kwa tofauti ya mikwaju 15, na kufikia Aprili 2001 mataji yote manne makuu yalikuwa mikononi mwake kwa wakati mmoja.

Watu wanapozisimulia habari hizi hukimbilia mataji. Sehemu yenye uzito ni ile ya katikati. Mwaka 1985 Faldo alikuwa akifanya jambo sahihi na kupata matokeo mabaya kuliko alipokuwa akifanya jambo lenye kasoro. Kipimo cha matunda, ambacho kila mhubiri kati ya Kakamega na Bungoma anakijua, kingemhukumu. Alama zake zilisema amepotea njia. Alichokuwa nacho ni neno la mtu mmoja aliyekuwa akimtazama kwa nyuma na kumwambia aendelee, na nia ya kulifuata neno hilo wakati macho yake mwenyewe yalikuwa yakiona mpira ukiingia vichakani. Kama hiyo si imani, itakuwa vigumu kusema imani ni nini. Wala haikuwa imani ya kufumba macho, kwa kuwa Leadbetter aliweza kueleza kila badiliko na sababu yake. Ila maelezo yalitangulia, uthibitisho ukachelewa kwa miaka miwili.

Kuna ugumu mwingine ambao hauonekani kwenye alama. Walimu wa gofu wote wanajua kwamba kile mchezaji anachohisi mwili wake unafanya sicho mwili unachofanya. Mwambie asogeze mikono upana wa kidole, atahisi ameisogeza dhiraa nzima. Mwonyeshe video, ataona haijasogea. Swingi ya zamani, pamoja na kasoro zake zote, inahisi kuwa ya kweli. Inahisi kuwa ni yeye. Ile mpya, hata ikiwa sahihi, inahisi kama nguo ya kuazima. Ndiyo maana mchezaji akiachwa peke yake na hisia zake hurudi alikotoka, tena akiwa na hakika kwamba amepiga hatua.

Jambo hili linagusa moja kwa moja ushauri unaotolewa siku hizi kila mahali, kwenye redio na kwenye mimbari: fuata moyo wako, kuwa wewe mwenyewe. Kwa mtu aliye katikati ya kubadilika, moyo ndio shahidi asiyefaa kuitwa. Mwanamume aliyezoea kujibu kwa ukali, siku anapoamua kujibu kwa upole, atasikia sauti yake kama ya mwigizaji. Ukali utamjia kama ukweli na upole utamjia kama uongo. Mtu asipojulishwa mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa, ataacha ndani ya wiki moja, tena kwa sababu anayoiona kuwa njema: hataki kuwa mnafiki.

Aristotle alilikuta tatizo hili katika kitabu cha pili cha maadili yake. Alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama vile mpiga kinubi anavyokuwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Mara akajiuliza pingamizi: inawezekanaje mtu atende uadilifu kabla hajawa mwadilifu? Jibu lake ni kwamba tendo la mwanafunzi na tendo la mwalimu yaweza kufanana kwa nje, lakini mwalimu hulitenda akijua, akilichagua kwa ajili yake lenyewe, na kutoka katika hali iliyokwisha kutulia ndani yake. Mwanafunzi bado hana utulivu huo. Anaazima.

Karne nyingi baadaye, Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, aliandika juu ya kuizoeza nafsi katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini. Tabia, kwake yeye, ni hali iliyojikita ndani ya nafsi kiasi kwamba matendo hutoka kwa urahisi bila kufikiri. Aliwapinga waliosema tabia ya mtu haibadiliki kama sura yake isivyobadilika. Kama hivyo ndivyo, alijibu, mawaidha yote ni bure, na hali hata mnyama wa porini hufugika. Anayetaka kuwa na mwandiko mzuri, anasema, hana njia ila kuiga kwa mkono wake kile anachofanya mwandishi hodari, kwa kujilazimisha, siku baada ya siku, hadi uzuri wa mwandiko utoke wenyewe. Kilichoanza kwa taklifu huishia kuwa maumbile. Mafunzo haya si ya mbali kwa mtu wa Navakholo. Mumias, mji wa jirani, ni kitovu cha zamani cha Uislamu Magharibi mwa Kenya tangu wafanyabiashara wa pwani walipofika katika himaya ya Nabongo Mumia, na mtoto anayejifunza kuandika alifu na be kwenye chuo cha huko anafanya kwa mkono wake kilekile Ghazali alichokieleza.

Kwa hiyo shtaka la unafiki lina jibu. Mnafiki hufanya tendo jema ili aonekane, na hulifanya vizuri hasa pale watu wanapotazama. Anayejizoeza hulifanya vibaya, hulifanya hata akiwa peke yake, na angependelea watu wasimtazame. Tofauti hiyo inaonekana kwa yeyote mwenye subira ya kuangalia.

Lakini kurudia tu hakutoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika taasisi ya kazi huko Moscow, mwanafiziolojia Nikolai Bernstein aliwapiga picha za mfululizo wafanyakazi waliokuwa wakigonga patasi kwa nyundo. Walikuwa mafundi wa miaka mingi, na nyundo ilifika palepale kila mara. Hata hivyo picha zilionyesha kwamba bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikupita njia ileile mara mbili. Kila pigo lilikuwa jipya. Fundi alikuwa akilitatua upya tatizo lilelile. Na mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu wasiojua gofu kupiga mpira mfupi. Kundi moja liliambiwa lifikirie mikono yake, lingine lifikirie mwendo wa kijiti. La pili lilijifunza vizuri zaidi. Mtu anayejikodolea macho, akikagua kila kiungo chake, hujikwamisha. Anayeyaelekeza mawazo nje, kwenye kazi inayotakiwa kufanyika, mwili wake hupata nafasi ya kujipanga. Watawa na masufi walilijua hili bila maabara: anayejichunguza mno dhambi zake hujikuta akizungumza na nafsi yake tu, ilhali anayemhudumia mgonjwa husahau kujiuliza kama amekuwa mwema.

Kisha kuna habari ambayo hakuna kocha anayependa kuisema siku ya kwanza. Swingi ya zamani haifutiki. Mazoezi hayaiondoi, yanajenga nyingine kando yake na kuifanya iwe ya kwanza kuitika. Pavlov aliligundua jambo la namna hiyo kwa mbwa wake: mwitikio aliodhani ameuzima ulirudi wenyewe baada ya mapumziko. Kwa mchezaji hurudi uchovu unapozidi, au fedha zikiwa nyingi, au umati ukimkazia macho kwenye shimo la mwisho. Kurudi huko hakuonyeshi kwamba mazoezi yalikuwa ya uongo. Kunaonyesha kwamba shinikizo limefika mahali ambapo mazoezi hayajafika.

Hapa ndipo imani ya Magharibi mwa Kenya inapohitaji kusikilizwa kwa makini, na kuulizwa pia. Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi mwaka 1902 na kuanzisha misheni ya Marafiki, wale wanaoitwa Waquaker. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wamisionari hao walitoka katika mrengo uliosisitiza kwamba Roho anaweza kumtakasa mtu kwa tendo moja, sawasawa na vile anavyomwokoa. Mwaka 1927 wimbi la uamsho lilizuka Kaimosi, watu wakalia na kuungama hadharani, na wengine wakaishia kujitenga na kuanzisha makanisa yao ya Roho. Miaka ya 1930 ukaja uamsho mwingine, ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Kenya, ukiwa na msamiati ambao umedumu hadi leo: kuokoka, ndugu, kutembea nuruni.

Katika mapokeo hayo wokovu una tarehe. Mtu huulizwa aliokoka lini, na jibu jema ni siku, mwezi na mwaka. Kuna ukweli mzito ndani yake. Faldo naye alikuwa na siku ya kuamua, na bila siku hiyo yanayofuata yasingekuwapo. Mtu aliyewahi kumwona mlevi akiweka chupa chini na kutoigusa tena kwa miaka 30 hatathubutu kuweka mipaka juu ya kile kinachoweza kutokea kwa siku moja. Lakini tarehe imebeba mzigo usio wake. Imefanywa kuwa mwisho wa jambo, na yote yanayofuata yamekuwa ni kuilinda. Aliyeshuhudia Aprili akionekana kwenye kibanda cha chang'aa mwezi wa Agosti, kijiji kina hukumu mbili tu tayari: ama hakuokoka kamwe, ama ameanguka na aanze upya, ashuhudie upya, apate tarehe nyingine. Hukumu ya tatu, kwamba aliokoka kweli Aprili na yuko katikati ya kazi, haina mahali pa kukaa katika lugha ya ushuhuda.

Ajabu ni kwamba waasisi wa uamsho walikuwa wanajua zaidi. Ndugu wa Gahini walikutana kila wiki, wakaambiana ukweli kuhusu siku zilizopita, wakiwamo viongozi. John Wesley, ambaye mafundisho yake ya utakaso yalifika hadi Kaimosi, aliwagawa watu wake katika vikundi vya watu 12 hivi, kila kikundi kikikutana kila wiki na kila mtu akiulizwa hali ya roho yake. Hivyo vilikuwa viwanja vya mazoezi. Na Mtume Paulo, ambaye wokovu wake una tarehe mashuhuri kuliko zote, njia ya Dameski, ndiye aliyeandika sura ya saba ya Warumi, anakolalamika juu ya viungo vyake visivyotii akili yake. Wafafanuzi wamebishana tangu zamani kama anasimulia maisha ya kabla ya Dameski au ya baada yake. Mchezaji wa gofu yeyote aliyewahi kubadili swingi angeisoma sura hiyo bila mshangao, na angeiweka baada.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwa kusifu subira. Habari ya Ian Baker-Finch hairuhusu. Mwaustralia huyu alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mwaka 1991, katika uwanja wa Royal Birkdale. Baada ya ushindi alitaka mpira wake uruke mbali zaidi, akaanza kubadili swingi, akasikiliza ushauri wa wengi. Kile alichokuwa nacho kikavunjika na kingine hakikujengeka. Mwaka 1995, katika mashindano hayohayo huko St Andrews, mkwaju wake wa kwanza kabisa ulikwenda kushoto, ukavuka uwanja mpana wa shimo la kwanza na la 18 na kutoka nje ya mipaka. Kwenye uwanja wa mazoezi aliendelea kupiga vizuri. Mashindano yakianza mwili ulimkatalia. Mwaka 1997, Royal Troon, alicheza raundi ya kwanza kwa mikwaju 92, akajiondoa, na muda wake wa kushindana ukaishia hapo. Alifanya kazi kwa bidii kama Faldo. Alikuwa na imani kama Faldo. Bidii na imani havikumwambia kama badiliko lenyewe lilikuwa la lazima.

Upande mwingine yupo Jim Furyk, Mmarekani mwenye swingi ya ajabu inayojikunja juu na kushuka kwa njia nyingine kabisa. Baba yake, Mike, aliyekuwa mwalimu wake, aliiacha kama ilivyo. Furyk alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akacheza raundi ya mikwaju 58, ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake katika mzunguko wa Marekani. Baba huyo alijua kutofautisha kasoro na umbo. Na kutofautisha huko ni kazi nzito kuliko mazoezi yenyewe, katika gofu na katika malezi ya roho. Wamisionari wa kwanza hawakuifanya vizuri kila mara. Waliona ngoma, majina na sherehe za Waluhya kama swingi mbovu, wakaagiza vyote vivunjwe pamoja na yale yaliyostahili kuvunjwa, na baadhi ya familia bado zinatafuta kilichopotea. Kijana mkimya akiingia kanisa la kelele si lazima afundishwe kupiga kelele. Kinachopaswa kubadilika ni kile kinachomdhuru yeye au wenzake, na hilo huhitaji jicho linalomjua mtu huyo kwa muda mrefu, si mhubiri wa siku tatu aliyekuja na vipaza sauti.

Kuna tofauti moja zaidi kati ya uwanja na maisha, na ndiyo kubwa kuliko zote. Mpira wa mazoezi ukipotea haumuumizi mtu. Mwanamume aliyezoea kumpiga mkewe, akiamua kubadilika, hana uwanja wa namna hiyo. Kosa lake moja linaangukia mwili wa mtu. Yote yaliyosemwa juu ya miaka miwili ya matokeo mabaya, juu ya kurudi kwa mkono wa zamani chini ya shinikizo, yakihamishiwa nyumbani kwake bila uangalifu yanakuwa ukatili. Wapo wazee na wachungaji ambao wamewaambia wanawake wavumilie kwa kuwa mume anajaribu. Anajaribu, huenda ni kweli. Subira hiyo wanaitoa kwa mgongo ambao si wao.

Falsafa ya mazoezi, ikichukuliwa kwa uzito, inasema kinyume na ushauri wao. Kama mkono wa zamani hurudi chini ya shinikizo, basi mtu huyo asijaribiwe kwanza mahali penye shinikizo kubwa zaidi na mhanga wa karibu zaidi. Hakuna kocha anayempeleka mwanafunzi wa wiki mbili kwenye shimo la mwisho la mashindano. Mume akalale kwa ndugu yake. Akae na wanaume wenzake kila wiki, waliompita hatua chache na wasiodanganyika kwa maneno matamu, wamuulize alichofanya hasira ilipompanda sokoni, kazini, kwenye foleni ya kiwandani na miwa yake inakauka kwenye trela. Huko kuna mazoezi ya kutosha. Kenya ina sheria tangu mwaka 2015 ya kumkinga mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mwanamke anayeomba amri ya mahakama hamnyimi mume wake nafasi ya kubadilika. Anamtengea uwanja mahali ambapo mipira haitampiga yeye wala watoto.

Wanaume wa kuendesha vikundi hivyo wapo Navakholo. Kila kanisa lina wawili au watatu ambao zamani walikuwa tishio na leo watu huwapelekea ugomvi wao wausuluhishe. Mara nyingi huitwa kusimama mbele mara moja kwa mwaka na kusimulia tarehe yao. Wakiulizwa kilichofuata, mwezi wa pili, mwaka wa tatu, usiku ule walipokaribia kurudi na jina la aliyewashika mkono, wangekuwa na mengi ya kusimulia.